Maturubai ya Santo Hayavuji

Jumatatu, 25 Septemba 2023

Shajara hii nilipewa bure na duka la majeneza, pamoja na kalenda. Imekaa juu ya friji mwaka mzima. Leo naanza kuandika. Sijui kwa nini. Labda kwa kuwa humu ndani hakuna wa kumwambia.

Arvin alipiga simu mchana. Mkwe wangu huyo hupiga akiwa kazini, binti yangu Jonalyn asisikie. Salamu, mvua, kuku wangu. Kisha akasema wanataka kuanza kupiga kambi. Milimani! Hawajawahi hata mara moja, na bei za mahema zimewatisha. Nikamuuliza, kwani nyumba yenu imefanya nini? Akacheka. Jonalyn anasema huenda huko juu akapata usingizi.

Mwanangu hapati usingizi. Sikulijua hilo.

Jonalyn hajakanyaga hapa tangu tumzike mama yake, Luming, Novemba iliyopita. Siku ya tatu ya matanga, jeneza bado sebuleni, mvua ilinyesha, turubai la waombolezaji waliokesha wakicheza karata huko nje likalegea. Nikapanda ngazi kulikaza. Nilipoteremka, mwanangu alikuwa amesimama pale chini. "Mama amelala ndani, wewe unafunga kamba. Miaka thelathini na moja ya ndoa, Baba, hata chozi moja?"

  Sikulia siku ile wala sijalia mpaka leo. Si kwamba nimejizuia. Hakuna kitu. Kama mguu uliokufa ganzi: najua ni wangu, ila nikiugusa naona nagusa wa mtu mwingine.

Tarehe 29 Oktoba mwaka unatimia, tunaanua matanga. Siku tatu baadaye ni siku ya wafu, mji mzima wa Lipa utakuwa makaburini. Nataka Jonalyn aje. Sitaki kingine.

Nitawanunulia hema.

Jumatano, 27 Septemba

Duka la mahema liko ghorofani, juu ya duka la dawa, karibu na soko. Nimepita chini yake miaka yote bila kujua. Binti wa duka anaitwa Charmaine, jina kalibandika kifuani. Aliuliza hema ni la nani. Wanaoanza, nikasema, mume na mke. Nilisema la watu wawili.

"Usichukue la wawili, Baba. La wawili ni la wawili wasio na mabegi, na wasiogombana. Chukua la watatu."

Akanitandikia matatu sakafuni. La kwanza unalirusha hewani linajifungua lenyewe. Piso mia tisa. Kitambaa safu moja, ukiweka mkono nyuma unahesabu vidole. Charmaine mwenyewe kasema kulifungua ni sekunde tatu, kulikunja ndoa inavunjika. La pili elfu sita, nguzo za alumini. Zuri. Tuliliangalia kwa heshima tukaliacha. La tatu la kijani, elfu mbili na mia nne. Safu mbili, ya nje inashuka karibu na ardhi. Sakafu nzito kidogo. Kwa wanaoanza ni hilo, alisema. Mtu anayeanza hajui kama atapenda. Asipopenda, hujaumia sana.

Nikageuza mishono. Fundi hawezi kujizuia. Miaka thelathini na nne nimeshona viti vya jipni, magari yetu ya abiria, na maturubai ya mvua ya kuteremsha madirishani. Madereva wa hapa mpaka Batangas mjini wana msemo wao: maturubai ya Santo hayavuji. Basi nikatazama. Mshono mmoja tu, uzi wa kushonea blauzi, na ndani wamebandika utepe. Utepe, kama zawadi ya Krismasi! Nikamwambia huu ni utani.

Akasema huo utepe ndio unaozuia maji. Nisiuguse.

 Watoto wa siku hizi wanaamini gundi.

Jumamosi, 30 Septemba

Nimelinunua. La kijani. Charmaine amerudia tena, "Mishono usiiguse, Baba."

Jumatatu, 2 Oktoba

Nimeigusa.

Cherehani ilikuwa haijafanya kazi tangu Juni ya mwaka jana, jipni mpya hazitengenezwi tena. Nikaitia mafuta. Sindano kubwa, uzi wa njano. Kwangu ni wa njano siku zote, dereva akiuona anajua kazi ni ya nani. Nikapita kila mshono wa juu mara mbili. Mikono ilijua njia. Saa nne nzima sikuwaza chochote, na hilo lilinifaa.

Nilipomaliza nikalisukuma upande wa kushoto wa meza, kama kawaida. Likaanguka sakafuni. Upande ule alikuwa anakaa Luming.

 Nikaliokota.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimekutana na Arvin kwenye kibanda cha tambi za mchuzi mzito nyuma ya kanisa, nikampa hema. Akala bakuli mbili. Kijana mzuri, ila anakula kama anayekimbizwa. Akauliza amwambie mkewe limetoka kwa nani. Nikamwambia, "Mwambie ukweli. Mimi ni mzee, uongo wangu wote umeisha."

Jioni ameniandikia: "Ameligeuza. Ameshika mshono. Amesema, uzi wa njano. Basi."

Nimeisoma mara nne hiyo "basi". Sijui ina maana gani. Nilitarajia ningefurahi au ningeumia. Nimeosha bakuli.

Jumamosi, 14 Oktoba

Wamepanda Manabu asubuhi. Mlima mdogo, watoto wa shule wanaupanda. Mvua imeanza saa tisa. Kubwa.

Limeshonwa mara mbili. Naenda kulala.

Jumapili, 15 Oktoba

Limevuja.

Arvin kapiga saa tano, sauti imekauka. Alikuwa ananitafutia maneno. Si pembeni, Baba. Si chini. Juu, kwenye mishono. Tone, tone, tone, kila palipopita uzi wa njano. Waliweka sufuria ikajaa. Mwisho wakakimbilia kwa mzee mmoja mwenye kibanda cha kahawa, wakamaliza usiku wameketi kwenye benchi lake.

Nikasikia simu inabadili mkono. Sauti ya Jonalyn, baada ya miezi kumi na moja.

"Umelishona wewe, Baba?"

Nikasema mimi.

"Na nani alipaka mshumaa?"

"Mshumaa gani?"

 Nilisikia Arvin akimwambia taratibu, Jona, taratibu.

"Mama alikuwa anapaka mshumaa kila mshono. Halafu anapitisha kijiko cha moto mpaka nta iingie kwenye matundu. Mimi nilikuwa namshikia ncha ya pili, kabla ya shule na baada ya shule. Wewe ulidhani maturubai yako hayavuji kwa nini?"

Simu ikakatika. Au ameikata.

Si kwamba sikuwahi kumwona. Nimemwona kila siku. Nilikuwa nalisukuma turubai kushoto na kusema, "Malizia." Yeye anamalizia. Mimi nimeshainamia mshono mwingine. Dereva akija kusifu, anasifu Santo, na Santo anaitikia.

Najua hapa ndipo pa kuona aibu. Nimeandika neno aibu. Nimelitazama. Nimekwenda kuwapa kuku maji.

Jumatatu, 16 Oktoba

Nimeingia chini ya meza, upande wa kushoto. Kuna kopo la biskuti. Ndani yake: kijiko kilichoungua chini, kitambaa kigumu kwa nta, na vipande viwili vya mshumaa, vidogo kama ncha ya kidole.

Sasa nimekumbuka. Kila siku ya wafu, tukitoka kwenye kaburi la wazazi wake, alikuwa anaokota vipande vya mishumaa iliyozimika na kuvitia mkobani. Vyetu, na vya majirani wakishaondoka. Nilikuwa namtania mbele za watu: jamani mwoneni mke wangu, anaiba taa za wafu. Naye anajibu, "Wafu wamelala, hawahitaji taa." Nilimwona bahili. Kumbe ndiyo ilikuwa nta yetu ya mwaka mzima.

Mwaka jana hakuna aliyeokota. Siku ya wafu yeye alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza.

Jumapili, 29 Oktoba

Tumeanua matanga. Misa, kisha chakula hapa nyumbani. Puring, dada yake Luming, kapika tambi za kukaanga na wali wa nazi wa kufunga kwenye majani. Amevaa gauni la maua, mara ya kwanza kwa mwaka. Mimi nimetoa ile pini nyeusi ya msiba niliyoivaa kifuani mwaka mzima, nimeiweka kwenye kopo la biskuti.

Jonalyn hakuja.

Arvin kaja peke yake, kala kwa niaba ya wawili. Puring akasema mbele yake, "Shemeji Santo, mtoto ana haki ya kukasirika, lakini huyu naye amezidi. Kichwa kigumu hivyo karithi kwa nani?" Kisha akanitazama mpaka nikaondoka mezani.

Mlangoni Arvin akaniambia hema wamelianika, limekauka. Yeye alitaka alirudishe dukani. Jonalyn kamkataza. Nikauliza kwa nini. "Hakusema, Baba. Amelikunja akaliweka juu ya kabati."

Hakuja kwenye mwaka wa mama yake. Naliandika ili nijue limetokea.

Jumatano, 1 Novemba

Naandikia makaburini. 

Nilifika asubuhi na kigoda, maua, mishumaa sita na lile kopo. Njia zote zimejaa. Watu na sufuria zao, karata zao, redio zao. Mahema na maturubai kati ya makaburi, kama kila mwaka. Mawili nimeyatambua, uzi wangu. Nikakaa peke yangu kando ya Luming. Puring alipita, akaacha sahani, akaenda kwenye kaburi la wazazi wao upande wa pili.

Mvua imeanza saa nane. Nilikuwa nimefungua mwavuli nilipomwona Arvin na begi la kijani begani. Nyuma yake Jonalyn, sufuria ya wali mikononi. Amekonda. Akaweka sufuria chini, akachukua mkono wangu akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama inavyompasa mtoto. Paji lake lilikuwa na maji.  

Wakaanza kulisimamisha. Arvin kapitisha nguzo kinyume, mara mbili. Jirani wa kaburi la pili anakula na kutoa ushauri. Likasimama, limeinama upande. Tukaingia watatu. Charmaine alikuwa sahihi, la wawili lisingetutosha.

Tone. Kwenye wali. Tone. Kwenye bega la Jonalyn. Nikatazama juu. Uzi wangu wa njano, mara mbili, mistari iliyonyooka. Na kila tundu la sindano lina tone lake. Nilisema, "Mimi ndiye niliyelitoboa. Lilikuwa zima." Sikuwahi kumwambia mtu yeyote maneno kama hayo kuhusu kazi yangu.

Jonalyn akasema, "Najua."

Mvua ilipopungua akatoka. Akavua ile safu ya nje, akaikung'uta. Arvin akaifuta kwa fulana yake mwenyewe. Jonalyn akaitandika ndani nje juu ya kaburi la mama yake. Saruji ni bapa, urefu wake kama meza yetu. Halafu akachukua mshumaa mmoja uliokuwa unawaka pale kichwani, akauzima. Jirani akaguna. Jonalyn akasema bila kumtazama, "Wafu wamelala, hawahitaji taa."

Nikafungua kopo, nikatoa kijiko. Alikiona. Akakishika muda mrefu, akakigeuza, akagusa pale palipoungua. Kisha akakipasha juu ya mshumaa mwingine. "Kisiwe cha moto sana," akasema. "Hiki si kitambaa cha turubai, kitayeyuka."

Mimi nikapaka. Alinifundisha: usikandamize, nenda na mshono, ukifika kwenye kona rudi. Ana umri wa miaka thelathini na anaongea kama mama yake. Nilikuwa kulia. Nilipomaliza mshono wa kwanza nikaisukuma kushoto bila kufikiri, mkono tu ulienda.

Haikuanguka. Alikuwa amekaa pale.

Tumefanya mishono yote. Mvua imerudi, kubwa kuliko ya kwanza, na tuko ndani tena. Arvin anakula. Jonalyn amelala ubavu, kichwa juu ya begi, amefumba macho. Sijui kama amelala kweli. Sijamuuliza kama atakuja nyumbani, naye hajasema. Arvin kaniuliza naandika nini. Jonalyn, bado amefumba macho: "Mwache."

Tone limeanguka hapa kwenye ukurasa, juu ya neno kushoto, wino umetawanyika. Nimetazama juu, nijue ni mshono gani tulioruka. Nimepitisha kidole kwenye uzi, kutoka mlangoni mpaka nyuma. Mkavu. Tone jingine limeanguka. Nimepitisha tena kidole. Mkavu wote, na Jonalyn amefumbua macho, ananitazama. Nimegusa shavu langu: limelowa.