Kibao Ulichokigeuza

Mwaka umetimia leo, baba yetu Kam Pak-hoi, tangu jiko lako lizimwe.

Miaka ishirini na sita ulichemsha dawa za mitishamba katika hospitali yetu hapa Hong Kong. Kila chungu ulikijua kwa harufu. Mgonjwa akimaliza kikombe kichungu, ulimtolea mfukoni kipande cha tangawizi ya sukari.

Mlangoni kila mgonjwa aliulizwa: dawa ya Kichina au ya Kizungu? Jibu lilitundikwa kitandani kwa kibao chenye pande mbili, na hakuna aliyekigeuza ila jamaa zake.

Siku Mama alipoletwa, tumbo limekaza kama ngoma, aliyejibu ni Bibi. “Ya Kichina. Mkwe wangu hakatwi. Atawaendea wazee wetu waliotangulia na mwili mzima.” Ukamchemshia wewe mwenyewe. Alitapika kikombe cha kwanza, akatapika na cha pili. Tuliishika miguu yake ya baridi, tukiogopa kukutazama.

Daktari Sung wa mitishamba alimpima mapigo ya mkono, akakugeukia.

“Hoi, ndugu yangu, dawa yangu imefika mwisho. Mpeleke kwa mwenye kisu. Sasa hivi.”

Bibi akasimama mbele ya kitanda. “Ukikigusa hicho kibao, huna mama.”

“Basi nitakuwa yatima mwenye mke,” ukasema, ukakigeuza.

Kwa muda wa saa mbili tulikaa nje ya chumba cha upasuaji. Mama alitoka hai. Kidonda kilipofunga, daktari wa Kizungu alikuruhusu umchemshie dawa ya kurudisha damu. Makapi yake uliyamwaga barabarani kama ilivyo desturi, wapita njia wayakanyage waondoke na ugonjwa. Bibi alikununia hadi Mwaka Mpya, ndipo akakuwekea paja la kuku kwenye bakuli lako.

Mwaka jana ikawa zamu yako. Ulipoulizwa mlangoni, ulisema, “Nipeni zote mbili, nimezitumikia vya kutosha.” Hazikutosha. Asubuhi ya mwisho tulimwaga makapi yako barabarani. Mvua ilikuwa kubwa, hakupita mtu. Mama akavua viatu, akayakanyaga mwenyewe, akienda na kurudi, tunamwita hasikii.

Unakumbukwa na mkeo Yiu Lai-sheung, wanao Wing-tat na Suk-han, na Daktari Sung, ambaye bado anakuita anapotaka chungu. Hatutakusahau, Baba, siku zote za maisha yetu.