Ayubu wa Sura ya Kuazima

Mpendwa kaka yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi na kwa watoto wote. Natumaini mgongo umetulia, na kwamba wifi amezizoea hizo ndevu unazofuga kwa ajili ya filamu. Juzi aliniambia analala na beberu, nikacheka hadi nikapaliwa. Mimi mwili ni mzima. Kichwa ndicho siwezi kukisemea, maana tangu tuanze kuugeuza mchezo wetu wa Ayubu kuwa filamu, yamenifika shingoni. Najua kila mara unauliza utaitwa lini kuja kupigwa picha. Nitafika huko, nivumilie.

Unakumbuka jukwaani tulivyokuwa. Magitaa ya umeme, ngoma, kwaya nzima imevaa magunia, na wewe katikati unamlalamikia Mungu hadi mabati ya ukumbi wa kanisa yanatetemeka. Mimi mwongozaji nilidhani kazi yangu ni kuweka kamera mbele ya moto uleule, basi. Thubutu! Kamera ikisogea, mtu aliyezoea kuwaimbia wa viti vya nyuma anaonekana kama anang'olewa jino. Siku ya kwanza mke wa Ayubu alipopanua mdomo, mpiga picha aliniuliza kama hii ni filamu ya dini au ya meno. Nikawaambia wapunguze. Wakapunguza, wakawa kama watu wanaosubiri foleni benki. Nikawaambia waongeze kidogo. Mke wa Ayubu akataka kujua kidogo ni kiasi gani, nikatoka nje nikaipiga teke ndoo ya majivu. Kidole bado kinauma.

Halafu nyimbo. Si tulizirekodi kwanza studio, ili mbele ya kamera waigizaji wafuatishe kwa midomo tu? Kumbe tulirekodi na kungoja kwetu. Kila unapomuuliza Bwana umekosa nini, unanyamaza kama ulivyozoea, ili watu ukumbini wapige kelele wakuambie uendelee kusema naye. Studio hakukuwa na wa kukujibu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka, kwa kuwa sote tulikuwa tunawasikia watu wetu kichwani. Fundi anayeunganisha picha hajawahi kukanyaga ukumbini kwetu. Aliniuliza haya mashimo ni ya nini, na kabla sijamjibu akayakata yote. Wimbo ukawa unakimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Mpiga ngoma alipousikia akaapa atatuhama. Nikamwamuru fundi arudishe, akarudisha huku amenuna, na mpaka leo salamu yangu anaijibu kwa kuguna.

Na huyo bado ana nafuu. Bosi anayegharimia filamu alituletea kijana mmoja kutoka kwenye matangazo ya sabuni. Mzuri, sikatai. Sisi tunamwita Kioo, kwa sababu hapiti penye kioo bila kusimama. Bosi anasema watazamaji wa leo hawataki mikunjo usoni. Nilimwambia mtu huyu kwenye hadithi ana watoto kumi, sasa huyu kawazaa lini, shule ya msingi? Bosi akasema nisilete mzaha kwenye kazi. Basi ikaja siku ya kumpaka majipu. Kioo akakubali ya mgongoni, akakubali ya miguuni, lakini shavu la kushoto akakataa katakata, eti ndilo linalomletea riziki. Mpambaji alilia kwa hasira. Tukaishia na Ayubu aliyepigwa na Shetani upande mmoja tu.

Ndiyo, kaka. Ayubu ni yeye.

Najua hapo umesimama kusoma. Hakuna atakayekuita. Tumeshapiga karibu filamu yote, umebaki wimbo wa majivuni peke yake. Sauti ni yako, uso ni wake. Na kuna kibaya zaidi. Bosi hakutaka ugomvi, akaniuliza kama umeridhia. Nikamwambia umeridhia, tena kwa moyo mweupe. Sikuwa nimekuuliza hata nusu neno. Niliogopa atafunga mradi, na hii ndiyo filamu yangu ya kwanza, umri wangu unaujua.

Jana tulijaribu huo wimbo wa mwisho. Kioo akapiga magoti kwenye majivu, akafungua mdomo, ukatoka wewe. Ulipofika pale unaponyamaza, yeye hakujua auweke wapi uso wake, akanitazama mimi. Nilimchukia mtoto wa watu bure. Nikajifungia chooni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimemtupa ndugu yangu nikabakiza koo lake.

Bosi sasa anataka akusikie mwenyewe ukiridhia kabla hatujamaliza. Atakupigia wiki hii. Mimi nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa nakujua. Ningeanza tu kueleza, ungekwisha sema haina neno, mdogo wangu, na mimi ningelidaka hilo neno nikakimbia nalo. Usinipe. Sikuombi msamaha leo, huo utanipa ukipenda. Nakuomba umkatalie. Atakuahidi jina lako kwa herufi kubwa, kataa. Atakwambia dada yako atafukuzwa, na ni kweli nitafukuzwa, wewe kataa tu. Mimi mwenyewe nimejaribu kumwambia mara mbili, na mara zote mbili nimetoka ofisini kwake nimemshukuru kwa chai.

Nisalimie wifi na watoto. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako wa kike, niliyekubali kwa niaba yako bila kukuuliza.