Mwenye Ufunguo wa Stoo

Mtaa wa Section 58, Jumamosi jioni, Agosti 2007

Miezi yote hii naandika utafiti wangu wa saratani ya ovari, na leo tata Wambui, shangazi yangu, ameueleza kunishinda, tena akimenya viazi vya harusi ya kanisani.

Aliniuliza ni nini hasa nasoma huko chuoni. Nikamwambia jeni ndizo hutoa maagizo, protini ndizo hufanya kazi, na kuna protini moja ya kuzuia zingine. Jeni yake ikiharibika, zile zingine hazina wa kuzishika, na seli zinazaana ovyo.

"Si hiyo ni stoo tu?" akasema. Yeye ndiye hushika ufunguo wa stoo akina mama wakipika harusi. Siku akikosa, kila mtu anajipakulia nyama, na wageni wa mwisho wanapata wali mtupu.

Hiyo nimeiba. Inaingia sura ya pili, profesa apende asipende.

Halafu tata akaweka kisu chini. "Na kwa mama, huyo wa ufunguo alienda wapi?"

Mama yake ni shosho, nyanya yangu aliyemalizwa na saratani hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyepewa jina lake.

"Jumatatu tunaenda kwa daktari sisi wawili," akasema. "Wewe ndiwe Njeri wake."

Nilicheka, nikamwambia ugonjwa haufuati jina.

Kweli, haufuati jina. Unaweza kufuata damu. Sura nzima ya tatu nimeandika hivyo, bila kujihesabu hata mara moja.