Nyimbo za Mama Nilizozifuta

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naiandika hivyo hivyo, ingawa marahaba yako siisikii tena.

Laptop yako iko mbele yangu hapa Visiga, juu ya meza ninayotengenezea kompyuta za watu. Niliichukua siku ya tatu baada ya kukuzika, nikaipakata kwenye bodaboda kutoka Maneromango hadi Kisarawe, barabara ikinitikisa mpaka meno. Ndugu walidhani nachukua kumbukumbu yako. Niliichukua kwa sababu kuna jambo nilikuficha miaka minne, na limo humo ndani.

Unakumbuka ilivyokuwa nzito? Virusi vimejaa, ukifungua barua moja ya usharika unaweza kwenda kuchota maji ukarudi haijafunguka. Nikaja na flashi yangu na majigambo yangu. "Baba, hii naiwekea mfumo mpya, Linux. Utasahau kama kuna kitu kinaitwa kirusi." Ukacheka, ukasema, "Sawa, ila nyimbo za kwaya yangu zisiguswe." Nikanakili barua, nikanakili picha. Nyimbo ulikuwa umeziweka kwenye sehemu ya pili ya diski, na mimi sikuifungua hata kuitazama. Programu ikaniuliza kama nina uhakika wa kufuta diski yote. Mimi, fundi mzima, nikabonyeza ndiyo.

Jioni uliniomba nikuwekee ule wimbo ambao mama anaongoza sauti ya pili. Mama alikuwa na mwaka mmoja tu kaburini, na sauti yake haikuwapo mahali pengine popote. Nilitafuta kwenye flashi, nikatafuta kwenye diski, hamna. Halafu nikakwambia diski ilikuwa mbovu, imeoza upande mmoja, imeondoka na nyimbo zote. Ukavua miwani. "Basi, mwanangu. Ni mapenzi ya Mungu." Nami nikakuacha umtwishe Mungu kosa langu.

Kuna baya kuliko hilo, Baba. Kila wiki nawafokea wateja wangu jambo moja: faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kompyuta hulitoa kwenye orodha tu, lenyewe hubaki pale pale hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Kwa hiyo zima mashine, usiiguse, niletee. Ningekwambia hivyo siku ile, pengine ningeiokoa sauti ya mama. Lakini kukwambia uizime ilikuwa sawa na kukiri. Nikakuacha uitumie. Kila barua ya michango, kila ratiba ya ibada uliyoichapa ilimfukia mama kidogo kidogo, nami nilikuwa najua.

Ndiyo maana nilikuwa mkali kwenye simu. Jina lako likitokea tu, nadhani umeshajua. Unasimama kule nyuma ya kanisa penye mtandao, laptop juu ya ukuta, unaniambia, "Tumaini, maiki imegoma tena." Nakusomea amri za kuiandikia kompyuta, herufi kwa herufi, unaandika kwa kidole kimoja.

"Inataka ruhusa," ukasema siku moja. "Yaani niombe ruhusa kwenye kompyuta yangu mwenyewe?"

"Baba, si uandike nywila yako! Kwani unataka kurekodi nini?"

"Vitu vyangu vya kizee."

Tulihangaika na maiki ile wiki mbili. Ilipokubali nilijisifu kwa mafundi wenzangu, na sikukuuliza tena.

Wiki iliyopita niliwasha programu ya kutafuta mafaili yaliyofutwa, nikaiacha izunguke siku mbili. Nilikuwa nawatengenezea watu printa na huku jicho liko kwako. Sauti ya mama sikuipata. Nilipata vipande vya barua, nusu ya picha ya kipaimara changu, na rekodi kumi na tisa zisizo na majina, namba tupu. Nikavaa spika za masikioni nikasikiliza.

Ulikuwa wewe. Ulikuwa unaimba sauti ya pili ya ule wimbo, kwa koo lako zito lisiloifikia, unakatisha, unajisemea peke yako: "Hapana. Hapa Mama Tumaini alikuwa anashuka." Unaanza upya. Rekodi hii hadi ile, unamtafuta pale pale. Ya mwisho hukuifikisha hata katikati. "Nimeusahau," ulisema, na ukazima. Kisha ukazifuta zote.

Nilifunga duka mchana ule. Nimewahi kuona aibu, Baba, lakini si ya namna hii. Mwalimu wa kwaya alikuwa anamsaka mkewe kwa koo lake mwenyewe, na aliyempoteza ndiye aliyekuwa akimfokea kuhusu nywila.

Jumapili nakuja Maneromango. Nitasimama mbele ya kwaya yako niwaambie ni nani aliyefuta nyimbo zao, maana nao wamelaumu diski miaka yote hii. Halafu nitawawekea rekodi zako, nione kama wale kina mama walioimba karibu na mama wanakumbuka pale ulipokwama. Wakikumbuka, nitarekodi. Wasipokumbuka, angalau watajua.

Hayakuwa mapenzi ya Mungu, Baba. Aliyebonyeza ni mimi.

Pumzika. Mama akikuuliza habari za nyimbo, usinitetee.

Binti yenu,
Tumaini