Miti ya Marehemu Baba

Njoki, uko? Nina hasira!

Yale matembezi ya familia niliyokuringia! Anko Mithika ametuzungusha kijiji cha zamani, tukaona kanisa la mawe la wamisheni, halafu akatupeleka kwenye shamba la miraa la babu awaonyeshe wajukuu mti upi ni wa nani.

Kufika kwa ile miti aliyoitunza marehemu baba maisha yake yote, akasema, "Hii sasa ni ya Mugendi."

Mwanawe! Nikauliza, "Na sisi, anko?"

"Baba yako alizaa wasichana. Umewahi kuona rinda juu ya mti wa miraa?"

Alizaa wasichana! Mbele ya mama, Njoki! Na wote wakacheka. Watu ambao nilikuwa nakuapia kwamba wakielezwa vizuri wataelewa kwamba binti pia hurithi.

Kwa mila yetu mwanamke hapandi mti wa miraa. Nikavua viatu, nikapanda.

Mugendi akapiga kelele, "Karimi, shuka! Unatuletea laana!" Nikavunja tawi lenye machipukizi, nikamrushia mama.

Mama yangu, mwimbaji wa kwaya, ambaye hajawahi kuonja miraa. Akaliokota, akamkazia anko macho, akaanza kutafuna.