Nusu ya somo la Osée

Khadija, Osée wetu ameaibika leo ku bureau, mbele ya chef wetu wa kazi!

Unakumbuka alienda Yanonge kufundisha wamama wenye kukausha samaki na moshi changement climatique, mabadiliko ya hali ya hewa? Eh, aliwaambia réchauffement peke yake: "Joto ya dunia inapanda." Basi. Joto tu.

Bon, wamama wakafurahi. Kama joto inapanda, moshi ya nini? Wakaacha kuni, wakaanika samaki yote ku jua. Mvua ikanyesha siku tatu, katikati ya kiangazi. SIKU TATU.

Leo mama Losala, mumoja wa wale wamama, ameingia, hakusalimia mutu. Ameweka beseni ya samaki ya kuoza juu ya meza ya Osée.

Osée, polepole: "Mama, joto ikipanda, mvua nayo inabadilika. Ndiyo changement."

Mama akamujibu: "Kumbe ulijua."

Akatoka. Beseni iko pale mpaka sasa.