Mistari Iliyonyooka

Lubumbashi, 11 Machi 1974

Mama mpenzi,

Nakusalimu, na namsalimu Rabia anayekusomea. Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima. Huu ni mwaka wa pili sisikii zile sauti za kichwani. Lakini nina shida, ndiyo maana naandika.

Vidonge vinalinda kichwa changu, lakini vinanitetemesha mkono, na mkono ndio kazi yangu. Ijumaa shefu wa biro, mkuu wetu wa ofisi, aliinua rejista yangu mbele ya makarani wote (siku hizi hatuitwi tena Bwana): "Sitwayeni Kasonde, unaandika ao unalima viazi?" Wakacheka. Nami nilicheka, ili nisionekane.

Nikiacha vidonge, huenda ugonjwa ukarudi. Nisipoacha, nitafukuzwa. Daktari alisema nikitaka kupunguza nimwone kwanza, tupunguze polepole, akiniangalia. Lakini ruhusa ya kwenda kwake inatiwa saini na shefu, naye hajui naumwa nini. Naogopa huku na huku. Unasemaje?

Mwanao,
Kasonde

Kasumbalesa, 20 Machi 1974

Mutoto wangu Kasonde,

Jambo yako sana. Mguu iko muzuri, ni mvua tu inaukumbusha. Rabia anacheka namna ninasema, lakini anaandika.

Mimi sijui kusoma. Rabia akimaliza, naomba karatasi niiangalie mwenyewe. Nikiona mistari inapindapinda sawa nyoka, nasema: mutoto iko anakunywa dawa. Halafu nalala. Banacheka huo mwandiko? Bacheke. Mimi ninauweka chini ya muto wangu wa kulalia.

Umesahau Luano, kule kwa kiwanja ya ndege? Siku tatu ulisimama kwa waya kungoja ndege ya baba yako, na baba yako tulishamuzika, wewe mwenyewe ulimwanga udongo kwa kaburi yake. Walikuleta midomo imepasuka kwa kiu. Enda kwa daktari. Mwambie shefu ni tumbo. Usiache peke yako, mwanangu.

Mama yako

Lubumbashi, 14 Mei 1974

Mama mpenzi,

Mzima? Na mguu? Unisamehe ukimya wangu. Tazama mwandiko huu!

Sikwenda kwa daktari. Mara mbili nilifika mlangoni kwa shefu na karatasi ya ruhusa, mara mbili nikarudi. Nikaanza kupunguza mwenyewe, nusu kidonge. Kisha nikajiuliza, nusu ya nini? Nikaacha kabisa. Ni wiki sita sasa. Shefu amewaonyesha wengine ukurasa wangu kama mfano. Silali sana, wala sichoki.

Jambo moja, na Rabia akunong'oneze tu: Jumamosi sitakuwa nyumbani. Baba anafika. Lazima mtu ampokee.

Mwanao mwenye furaha,
Kasonde

Annexe, Lubumbashi, 9 Juni 1974

Mutoto wangu,

Jambo. Jirani yako Chileshe njo anaandika, mimi ninasema. Niko kwa nyumba yako.

Barua ilifika Jumatatu, Jumamosi ilishapita. Rabia alipofungua bahasha tu, nilimunyang'anya. Mistari ilinyooka sawa njia ya treni. Sikungoja anisomee, nilitoka siku ile ile; Chileshe alinisomea huku.

Kila asubuhi naenda Luano, nasimama kwa waya, jioni narudi. Walinzi wananiuliza, "Mama, unangoja ndege gani?" Viatu vyako walinipa, walivikuta kwa waya. Wewe hapana.

Ukirudi na mimi niko kule, usitoke. Bukari, ile ugali unapenda, iko ndani ya sufuria. Vidonge viko chini ya sahani. Chileshe anaacha nafasi hapa chini, na kalamu. Niandikie neno moja tu.

Andika vibaya, mwanangu. Andika vibaya.

Mama yako